Msururu wa harmoniki

Msururu wa harmoniki (pia: msururu wa toni za juu) ni mfuatano wa sauti zinazotokea kwa pamoja pale waya, mrija wa hewa au koo la mwimbaji linapotoa noti moja. Sauti ya chini kabisa katika mfuatano huo huitwa toni msingi, na kwa kawaida ndiyo inayoipa noti jina lake. Juu yake ziko sauti nyingine ambazo marudio yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni mara 2, mara 3, mara 4, mara 5 na kuendelea ya marudio ya toni msingi. Msikilizaji wa kawaida hazitambui moja moja. Anasikia noti moja yenye ladha fulani, na ladha hiyo ndiyo inayomwezesha kutofautisha udi na fidla, au sauti ya mama na ya shangazi, hata wanapoimba noti ileile.

Msururu wenyewe ni jambo la fizikia na haubadiliki toka nchi hadi nchi. Skeli za muziki, kinyume chake, ni kazi ya binadamu, na kila jamii imechota katika msururu huu kwa namna yake. Piano na vinanda vya kisasa havifuati msururu kikamilifu, ilhali uimbaji wa Wagogo wa Tanzania ya kati uko karibu nao zaidi. Jambo hilo lina uzito wakati wowote mtu anapotaka kusema kwamba wimbo fulani "umetoka nje ya sauti".

## Jinsi unavyotokea

Mfano rahisi ni kamba ya kuruka. Watoto wawili wakishika ncha zake na kuizungusha taratibu, kamba hufanya tumbo moja kubwa katikati. Wakiongeza kasi ya kutosha, kamba hujigawa yenyewe katika matumbo mawili, na katikati hubaki sehemu isiyosogea ambayo huitwa fundo. Wakizidi kuongeza yatatokea matumbo matatu. Hakuna kamba itakayofanya matumbo mawili na nusu, kwa sababu ncha zote mbili zimeshikwa na haziwezi kucheza.

Waya wa gitaa umefungwa vivyo hivyo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba ukikwanyuliwa hautetemi kwa namna moja tu. Hutetema mzima mzima, kwa nusu mbili, kwa theluthi tatu, kwa robo nne na kuendelea, yote kwa wakati mmoja. Waya wa sentimita 60 una ndani yake mitetemo ya vipande vya sentimita 60, 30, 20, 15, 12 na 10. Kipande kikiwa nusu ya urefu, hutetema mara mbili kwa kasi. Kikiwa theluthi, mara tatu. Ndiyo maana namba za msururu ni namba kamili.

Mpiga gitaa anaweza kuthibitisha haya bila chombo chochote cha maabara. Akiugusa waya kidogo tu kwa ncha ya kidole juu ya freti ya 12, bila kuukandamiza, kisha akaukwanyua, toni msingi hunyamaza na kubaki harmoniki ya 2, sauti nyembamba kama ya kengele ndogo. Juu ya freti ya 7 hupatikana harmoniki ya 3, na juu ya ile ya 5 hupatikana ya 4. Kidole hakiziumbi sauti hizo. Zilikuwamo tangu mwanzo, nacho kimezizuia nyingine tu.

Hesabu ya majina huwachanganya wanafunzi wengi. Toni msingi huhesabiwa kuwa harmoniki ya 1. Hivyo toni ya juu ya kwanza ni harmoniki ya 2, toni ya juu ya pili ni harmoniki ya 3, na kadhalika. Katika makala hii hutumika hesabu ya harmoniki, kwa kuwa namba yake ndiyo ileile ya kuzidishia.

## Namba za msururu

Waya wa tano wa gitaa hutetema mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110 (Hz). Noti hiyo ikichukuliwa kuwa do, harmoniki zake 12 za kwanza ni hizi. Safu ya mwisho inaonyesha umbali kati ya harmoniki na noti ya piano iliyo karibu nayo, kwa kipimo cha senti. Oktava moja ina senti 1200, na nusu toni ya piano ina senti 100.

| Harmoniki | Marudio (Hz) | Noti | Ikilinganishwa na piano |
|---|---|---|---|
| 1 | 110 | do | sawa |
| 2 | 220 | do | sawa |
| 3 | 330 | so | juu kwa senti 2 |
| 4 | 440 | do | sawa |
| 5 | 550 | mi | chini kwa senti 14 |
| 6 | 660 | so | juu kwa senti 2 |
| 7 | 770 | ti iliyoshushwa | chini kwa senti 31 |
| 8 | 880 | do | sawa |
| 9 | 990 | re | juu kwa senti 4 |
| 10 | 1100 | mi | chini kwa senti 14 |
| 11 | 1210 | kati ya fa na fa iliyopandishwa | karibu katikati kabisa |
| 12 | 1320 | so | juu kwa senti 2 |

Kati ya harmoniki moja na nyingine tofauti ni ileile daima, yaani 110 Hz, lakini sikio halisikii tofauti hiyo kuwa sawa. Sikio hupima kwa kugawanya, halipimi kwa kutoa. Kutoka 110 hadi 220 ni oktava nzima. Kutoka 880 hadi 990 ni hatua moja tu ya do hadi re. Kwa hiyo kadiri msururu unavyopanda ndivyo noti zake zinavyosongamana. Do, mi na so, noti tatu ambazo kila mwanakwaya huanza nazo, ni harmoniki ya 4, 5 na 6.

## Rangi ya sauti

Ala mbili zikipiga noti moja huwa na harmoniki zilezile, ila nguvu za harmoniki hizo hutofautiana. Filimbi ikipulizwa taratibu huwa na toni msingi yenye nguvu na harmoniki chache hafifu, ndiyo maana sauti yake ni laini na kama ina utupu. Fidla ina harmoniki nyingi zenye nguvu hadi juu sana, na sauti yake ina makali. Tofauti hii huitwa rangi ya sauti.

Mahali pa kukwanyulia waya pia ni muhimu. Mpiga udi akikwanyua karibu na daraja, harmoniki za juu huongezeka na sauti huwa kavu na kali. Akisogea kuelekea katikati ya waya, sauti hunenepa. Akikwanyua katikati kabisa, harmoniki za namba shufwa, yaani 2, 4, 6 na kuendelea, karibu zote hupotea, kwa kuwa hapo ndipo penye mafundo yake na fundo halikubali kutikiswa.

Harmoniki peke yake hazielezi kila kitu. Mwanzo wa noti, ule mgongano wa kidole, upinde au nyundo, humsaidia sana msikilizaji kutambua ala. Mwanzo huo ukikatwa kwenye rekodi, hata wanamuziki wazoefu wanaweza kukosea.

Kinanda cha Hammond, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, kilijengwa juu ya wazo hili moja kwa moja. Mpigaji huvuta vishikio ambavyo kila kimoja huongeza harmoniki moja, na kwa kuchanganya nguvu zake hupata rangi ya sauti anayoitaka. Inafaa kutaja kwamba vishikio vya kinanda hicho vya awali vinaruka kutoka harmoniki ya 6 hadi ya 8. Ya 7 haimo.

## Irabu za usemi

Mtu anapotamka a, e, i, o, u kwa noti moja bila kubadili kidatu, nyuzi za sauti kooni hazibadilishi kazi yake. Kinachobadilika ni umbo la kinywa na ulimi, na umbo hilo hukuza baadhi ya harmoniki na kufifisha nyingine. Maeneo yanayokuzwa huitwa formanti. Kwa mwanamume mzima, irabu i huwa na eneo moja la nguvu karibu na 300 Hz na jingine juu ya 2000 Hz. Irabu a huwa nayo karibu na 700 Hz na 1300 Hz, na irabu u huwa na maeneo yote mawili chini ya 1000 Hz. Kwa wanawake na watoto maeneo hayo hupanda, kwa kuwa njia ya sauti ni fupi zaidi. Mtu anayemsikiliza mwenzake akisema "kaa" au "kai" anapambanua harmoniki bila kujua.

Hii inaeleza kero ya zamani ya walimu wa kwaya. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akifika la ya juu yenye 880 Hz, harmoniki zake ni 880, 1760, 2640 na kuendelea. Hakuna harmoniki yoyote karibu na 300 Hz ya kuonyesha kwamba irabu ni i au u. Maneno hufifia hata mwimbaji akijitahidi kutamka vizuri, na dawa yake ni mtunzi kutoweka maneno muhimu mahali palipo juu mno.

## Toni msingi isiyokuwapo

Sikio na ubongo vimeuzoea msururu kiasi cha kuukamilisha vinapokuta umepungua. Simu za mfumo wa kawaida zilisafirisha sauti za kati ya 300 Hz na 3400 Hz pekee. Mwanamume anayeongea kwa toni msingi ya 120 Hz hapitishi toni hiyo kwenye simu ya namna hiyo, wala harmoniki yake ya 2 yenye 240 Hz. Zinazofika ni 360, 480, 600, 720 na kuendelea. Hata hivyo anayesikiliza upande wa pili humsikia mwanamume mwenye sauti nzito na kumtambua kuwa ni baba au mjomba. Ubongo huona kwamba sauti zote zimepishana kwa 120 na kuhitimisha kwamba msingi ni 120. Redio ndogo ya mkononi hufanya vivyo hivyo kwa gitaa la besi, ambalo spika yake haiwezi kulitoa kikamilifu.

## Mirija na pembe

Hewa ndani ya mrija hutetema kwa kanuni zinazofanana na za waya. Mrija ulio wazi pande zote mbili, kama filimbi nyingi, hutoa harmoniki zote. Ukipulizwa kwa nguvu huruka oktava moja. Mrija wa kipenyo kimoja uliozibwa upande mmoja hutoa hasa harmoniki za namba witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Klarineti ni ya aina hiyo: ikilazimishwa juu hairuki oktava, huruka oktava na noti tano zaidi. Zumari ya pwani nayo ina ulimi wa kupulizia, lakini mrija wake unapanuka kuelekea chini, na upanuzi huo huirudisha kwenye msururu kamili.

Tarumbeta ya jeshini isiyo na vitufe ina mrija wa urefu mmoja tu. Mpulizaji hupata noti kwa kubana au kulegeza midomo, na kila hali ya midomo huamsha harmoniki nyingine. Kwa kuwa hutumia hasa harmoniki ya 2 hadi ya 6, milio yote ya kambini, ya kuamka na ya kulala, imetungwa kwa so, do na mi tu.

## Ala zisizofuata msururu

Ngozi ya ngoma haitetemi kwa namba kamili. Ngozi ya duara iliyovutwa sawasawa hutoa, juu ya toni yake ya kwanza, toni za mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30. Sikio halipati msingi mmoja wa kuziunganisha, kwa hiyo husikia "juu" au "chini" bila noti dhahiri. Kuiota ngoma motoni hukaza ngozi na kupandisha toni zote, lakini uwiano wake hubaki uleule. Tabla ya India, inayosikika pia katika baadhi ya vikundi vya taarabu, ni tofauti: duara jeusi la ungamo katikati ya ngozi huongeza uzito mahali pake na kuzisogeza toni karibu na msururu. Mwanafizikia C. V. Raman alilieleza jambo hilo mwaka 1920.

Kengele na vibao vya marimba navyo viko nje ya msururu. Hata waya wa piano hupotoka kidogo kwa sababu ya ugumu wa chuma. Harmoniki zake za juu hupanda kuliko hesabu inavyotaka, na mafundi husawazisha piano kwa kuzitanua oktava kidogo.

## Historia ya utafiti

Wagiriki wa kale, ambao mapokeo huwahusisha na Pythagoras, walijua kwamba nyuzi zenye urefu wa 2 kwa 1 hutoa oktava na za 3 kwa 2 hutoa do na so. Kwamba sauti hizo zimo ndani ya waya mmoja kulielezwa baadaye sana. Padre Marin Mersenne wa Ufaransa aliandika mwaka 1636 kwamba alisikia toni kadhaa za juu katika waya mmoja. Joseph Sauveur alizichunguza kwa utaratibu mwaka 1701. Jean-Philippe Rameau alijaribu kujenga nadharia nzima ya upatanifu wa sauti juu yake, akafaulu kwa akodi ya do-mi-so na kutatizwa na akodi ya huzuni ya la-do-mi, ambayo haijitokezi kirahisi katika msururu.

Joseph Fourier alionyesha mwaka 1822, akishughulikia mwendo wa joto, kwamba mtetemo wowote unaojirudia unaweza kugawanywa kuwa jumla ya mitetemo sahili. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani aliichukua hesabu hiyo na kuipeleka sikioni. Kwa kutumia mitungi midogo ya duara, kila mmoja ukiitikia marudio ya aina moja tu, alizisikiliza harmoniki moja moja, na kitabu chake cha 1863 bado ni msingi wa somo hili. Mfasiri wake wa Kiingereza, Alexander Ellis, ndiye aliyebuni kipimo cha senti. Mwaka 1885 Ellis alipima skeli za mataifa mbalimbali na kuhitimisha kwamba hakuna skeli moja ya asili inayowafunga watu wote.

## Msururu na skeli

Piano hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Faida yake ni kubwa: wimbo unaweza kuanzia noti yoyote na bado ukasikika sawa. Gharama yake ni kwamba hakuna upatano wowote isipokuwa oktava unaolingana na msururu. Gitaa huonyesha gharama hiyo waziwazi. Harmoniki ya 4 ya waya wa sita ni 329.6 Hz, na ya 3 ya waya wa tano ni 330 Hz. Zikipigwa pamoja kwenye gitaa lililosawazishwa kwa mashine, husikika wimbi linalopanda na kushuka mara moja kwa karibu sekunde tatu. Fundi akiliondoa wimbi hilo kwenye kila jozi ya nyuzi anazoweza kulinganisha hivyo, makosa madogo hulimbikizana na akodi nyingine huanza kuumiza sikio.

Kwaya isiyo na kinanda haina kizuizi hicho. Waimbaji wakisikilizana vizuri, mi yao huelekea kushuka mpaka ipatane na harmoniki ya 5, senti 14 chini ya ile ya kinanda, na akodi hutulia. Kinanda kikiingia katikati ya wimbo, kwaya huonekana "imeshuka". Mara nyingi kilichotofautiana ni vipimo viwili, na waimbaji hawana kosa.

Mfano mkubwa zaidi katika Afrika ya Mashariki ni muziki wa Wagogo wa mkoa wa Dodoma. Watafiti, akiwamo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba skeli yao ya noti tano inatokana na harmoniki za juu ya toni msingi moja, takriban hadi ya 9. Harmoniki ya 7, ambayo muziki wa Ulaya uliiweka kando kwa karne nyingi, ni noti halali kabisa humo. Kati ya harmoniki ya 6 na 7 kuna senti 267, na kati ya 7 na 8 kuna 231. Piano ina 300 na 200 mahali hapo. Waimbaji huweka sauti ya pili kwa kuruka noti moja ya skeli. Hivyo 6 hukutana na 8, na 7 hukutana na 9, upana wa senti 435 ambao haumo kwenye piano hata kidogo. Hukwe Zawose (1938–2003), aliyeujulisha muziki huu duniani kwa sauti yake, ilimba na zeze, alitumia mfumo huo huo.

Anayeandika nyimbo hizi kwa do-re-mi hulazimika kuiita harmoniki ya 7 ama la ama ti iliyoshushwa, na vyote viwili si yenyewe. Anayezipiga kwa kinanda cha kawaida huisogeza noti hiyo kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni, na upatano wa sauti mbili uliokuwa umetulia huanza kutikisika. Baadhi ya vinanda vya kielektroniki na programu za kompyuta huruhusu kila noti kushushwa au kupandishwa kwa senti. Kwa do kuwa toni msingi, marekebisho ya kutosha kwa harmoniki za 4 hadi 9 ni haya: mi ishushwe senti 14, so ipandishwe 2, ti iliyoshushwa ishushwe 31 zaidi, re ipandishwe 4, na do iachwe ilivyo.